Kilomita Tatu za Chumvi

Walinipa kalamu, fomu, na kidude cha chuma
kinacholia *tik* kila nikikibonyeza.
"Hesabu vichwa," akasema Injinia Kihwele.
"Visa tutavisikia baadaye."

Nikakaa stesheni ya Kigoma siku tatu.
Treni ilipaswa kufika saa moja.
Ikaja saa tatu. Ikaja saa tano.
Siku ya tatu ikaja na mvua.

Tik, wa Kaliua na ndoo ya asali.
Tik, mwanajeshi wa likizo.
Mtoto mgongoni:
fomu haisemi kama ni kichwa au ni mzigo.

Halafu Mama Bukuru na gunia la chumvi ya Uvinza.
Anakwenda Kagunga. Boti ya Kagunga iko Kibirizi,
na Kibirizi ni kilomita tatu toka hapa,
kilomita tatu zisizo na mwenyewe:
reli ina wenyewe mpaka kwenye geti,
ziwa lina wenyewe kuanzia kwenye gati,
katikati ni wewe na mguu wako,
au pikipiki, ikikuonea huruma.

Nikamfuata. Sikutumwa.
Gunia likaanza kutoa jasho, kisha machozi,
maji meupe yakimchuruzika mgongoni hadi kisiginoni,
na tulipofika ufukweni boti ilikuwa nukta.
Akalipima gunia kwa mkono tu.
"Bukuru na Butoyi niliwazaa siku moja," akasema,
"nikawalaza ubavu kwa ubavu, wakajuana kwa pumzi.
Hawa wenu, treni na boti, nani aliwazaa,
hata mmoja akifika mwenzake anaondoka?"

Fomu haikuwa na safu ya chumvi.
Nikaandika pembeni, kwa penseli:
*kilo sita hivi, zimebaki barabarani.*

Ukumbi wa manispaa. Injinia akatandaza ramani:
mabasi makubwa toka Ujiji, toka Mwanga, toka stendi ya Masanga,
mistari myekundu ikikimbilia ziwani
kama watoto waliosikia dagaa wameanikwa.
Ilikuwa nzuri, sisemi uongo.
Kisha akafika kwenye penseli yangu.
Akavua miwani.
"Chumvi gani?"

Nyuma kabisa akainuka Kabwigwa, nahodha wa boti ya Kagunga,
kofia mkononi, akasema stesheni haioni toka majini,
ila honi anaisikia, upepo ukiwa mzuri,
na angeweza kusubiri.
Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ramani imekwenda Dodoma kutafuta saini.
Lami haijaja. Kibanda cha kujikingia mvua hakijaja.
Mipango si matumizi, mnajua wenyewe.
Lakini Jumanne treni ilipiga honi kwenye kona ya mwisho,
nami nilikuwa Kibirizi, kidude mfukoni,
nikaiona boti, injini inanguruma, kamba bado imefungwa,
imechelewa dakika arobaini
kwa makusudi.