Mstari wa Mia na Kumi na Mbili

Ofisi yetu, hapa Łódź, hutengeneza lifti.
Lifti ikikwama mtu hubonyeza kengele,
na huko winguni (si lile la mvua,
hili la kulipiwa kila mwezi, kwa kila kichwa)
tiketi inazaliwa.

Miaka sita tiketi hizo zililelewa na skripti ya Radosław.
Aliiandika usiku mmoja wa Februari,
theluji imefunika reli za tramu,
chai ya limau imepoa, hasira haijapoa.
Mistari mia mbili na arobaini,
na maelezo haba, kama ya mtu anayelipia maneno.
Kisha akahamia Gdańsk, akaoa, akaacha kujibu ujumbe.

Sasa Jagoda anasema tuhame.
Wingu limeleta otomatiki yake yenyewe:
visanduku vya samawati, mishale,
ikiwa hiki basi kile, unaburuta kwa kipanya,
hata Kazimierz wa uhasibu ataweza.
Haidai leseni ya pembeni,
haianguki kila wingu linapojisasisha,
haimsubiri mtu aliye Gdańsk.

Kipya kinyemi, nikanung'unika, ingawa kidonda.
Nikasema: visanduku ni shati la dukani,
skripti ni la kushonewa, inalijua bega lako lililoshuka.
Jagoda akasema: na fundi akiondoka na vipimo kichwani?
Nikanyamaza.
Na mwisho wa mkataba ulikuwa Ijumaa.

Basi nikakaa nayo, mstari kwa mstari.
Saa za kazi: kisanduku.
Sikukuu: kisanduku.
Fundi aliye karibu: visanduku vitatu na mshale uliopinda.
Nilianza kuona haya kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Mstari wa mia na kumi na mbili:
jengo likiwa lile la Retkinia, mlango wa nne,
ruka foleni. Mwite fundi kabla ya wote.
Na pembeni, maelezo marefu kuliko yote aliyoacha:
*Bi Teodozja, ghorofa ya tisa, kiti cha magurudumu.
Anaogopa giza. Mpigie. Mwambie tunakuja, hata kama bado.*

Nikatafuta kisanduku cha hilo.
Kuna *kipaumbele: juu*. Kuna *mteja: maalumu*.

Nikapiga ile namba. Akapokea kijana, redio inalia nyuma yake.
Teodozja? Nyanya yangu. Tumemzika mwaka wa tatu huu.
Akasita. Ninyi ndio wa lifti?
Mnatushangaza. Ikikwama, mnafika
hatujamaliza hata kulaani.

Miaka mitatu skripti ilimkimbilia marehemu,
ikampita mjamzito wa Bałuty,
ikawapita mapacha wa Widzew walioning'inia kati ya ghorofa mbili,
kwa uaminifu ambao hakuna aliyeuagiza
wala aliyejua pa kuuzima.

Jagoda alisoma akiwa amesimama, kikombe mkononi.
Hakusema, nilikwambia.
Mimi nami sikusema, lakini ona alivyomjali.
Tulikuwa na haki wote wawili, na haikutusaidia.

Tukahamia visandukuni.
Kwenye fomu ya wateja tukaongeza swali moja,
Kazimierz akauliza ni la nini:
*Nani humo ndani anaogopa giza?*
Na mshale wa kutukumbusha, kila miezi sita,
tuulize tena.

Jumamosi lifti ya Retkinia ikakwama.
Foleni ikaiweka ya saba, kwa haki kabisa.
Nilikuwa zamu, peke yangu, mkate mdomoni.
Nikaitazama ile saba.
Sikuisogeza.
Nikameza, nikainua simu,
nikamwambia kijana tunakuja,
hata kama bado.