Chupa ya Saba

Chupa ya kwanza ilikuwa maji mekundu.
Ya pili nyanya, na nyanya, na nyanya:
nikamtilia Sidi mwanangu juu ya soseji, ndani ya mkate,
akaniambia, "Baba, hiki ni kitoweo cha wali."
Ya tatu sisemi.
Ya tatu ilimtoa machozi fundi Kahindi mbele ya vibarua wake,
akashika mkokoteni wangu, ulimi nje kama mbuzi wa Februari,
akaomba maji, akaomba maziwa, akamwomba Mungu radhi
kwa mambo ambayo hakuna aliyemwuliza.

Hapa ni Maweni, Malindi, kona ya duka la vipuri.
Soseji nanunua kwa jumla, sawa na Mwaro wa ng'ambo ya barabara.
Mkate tunachukua kwa mwokaji mmoja, bei yetu moja,
hata kutu ya vikaango vyetu ni ndugu.
Kilichobaki cha kushindania ni pilipili.

Usiku, basi.
Pilipili mbuzi kumi na mbili, nazichoma mpaka ngozi ipasuke,
kitunguu saumu, bizari nzima, ukwaju wa kulowekwa.
Ukwaju ukanisaliti, ukakaa shingoni mwa chupa
kama mgeni asiyetaka kuaga.
Nikajaribu embe bichi. Siku ya pili likachacha,
kizibo kikaruka kikagonga bati,
na Dama mke wangu akapiga chafya kitandani:
"Pilipili iko jikoni. Sisi huku chumbani yatuwashiani?"

Mbirimbi zilikuwa za Bi Zeituni.
Mti wake, ukuta wake, ila tawi moja
lina tabia ya kuchungulia kwangu,
na mimi si mtu wa kukataa kuamkiwa.
Nikaokota. (Kuokota, nimesema.)
Nikazipasua, nikazitia chumvi, nikazianika batini siku mbili,
nikazisaga pamoja na pilipili za kuchoma,
siki kifuniko kimoja, sukari kidogo ya kuudanganya ulimi,
nikachemsha mpaka kijiko kikawa kinaacha njia nyuma yake.

Hiyo ndiyo ya saba.
Ilianza kwa uchachu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.
Moto ukaja baadaye, umevua viatu.

Wiki nzima foleni ilifika kwa kinyozi.
Mwaro alivuka barabara, akanunua, akala,
akarudi kwake bila neno.
Nami nikasifiwa. Na mgema akisifiwa, wajua.
Chupa nne nikazifanya sita:
maji ya kisima yana chumvi yake, nikajiambia, yatasaidia.
Kahindi yuleyule, fundi wa machozi,
akalamba kidole, akatazama mbali.
"Leo imekwenda wapi?"
Sijawahi kufedheheshwa hivyo na swali fupi hivyo.

Jumatatu nikapika upya.
Chupa ya kwanza kutoka jikoni nikampelekea Bi Zeituni,
kwa mikono miwili, na mkate, na soseji moto.
Akauliza ni nyama gani. Ya ng'ombe, nikaapa.
Akaisukuma kando hata hivyo, akachovya mkate mtupu,
akafumba macho, akatafuna kwa meno yake ya upande mmoja.
"Huu," akasema, "ni ukuta wangu."

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Akachovya tena.
"Tawi lingine liko upande wa choo. Hilo ndilo linalozaa.
Utaingia kwa mlango."

Siku hizi nina mteja, wawili, sasa watano,
wanaoniambia: pasua mkate, mwagia, soseji bakisha.
Niwatoze bei ileile? Dama asema ni dhambi.
Nimewapunguzia shilingi kumi,
na usiku naihesabu kumi hiyo
mbele ya chupa ya nane, ambayo mpaka sasa
ni kitunguu tu, na nia.