Uingizaji wa Muda

Saa nane za usiku, ghala la mizigo, Kipawa.
Feni inazungusha joto lile lile.
Makasha sabini na mawili sakafuni,
meusi, yamelala kama wageni wa msiba
waliokosa mikeka.

Chande wa foklifti ananiuliza,
"Dada, hili refu ni jeneza?"
Namwambia ni besi.
Fidla iliyokula ikashiba.

Nina fomu. Fomu haina masikio.
Inataka idadi, uzito, thamani kwa dola,
nchi ya asili, tarehe ya kuondoka.

Wenyewe wako foleni, jasho linawachuruzika,
juzi tu walikuwa wanakanyaga theluji.
Siku sita, maonyesho mawili Upanga,
na mkuu mpya, wiki ya tatu kazini,
ambaye wanamtazama kwa pembe ya jicho
kama mkwe aliyekuja mikono mitupu.

Ndiye huyu. Kijana, shati limechomoka.
Aksel Thorsrud. Kazi: kondakta.
"Wa basi la wapi?" Chande anadakia,
na wapagazi wote wanaangua kicheko.
Hakuelewa, naye akacheka.
Nikampenda kidogo.

"Mzigo wako?"
Akatoa kijiti, chepesi kuliko mswaki.
"Unapiga nini?"
"Sipigi kitu. Mimi sitoi sauti."
Miaka kumi na tisa nimejaza fomu hii:
friji zilizoshindiliwa vitenge,
farasi, mguu wa bandia wa kushoto.
Bosi asiye na sauti, huyo sijawahi kumwandika.
Thamani ya kijiti: nikaweka kistari.

Kisha mama mmoja mwembamba akafungua kikasha
kidogo kama cha chakula cha mtoto wa shule.
Ndani, vipande vitatu vyeusi.
"Mti gani?" Kanuni inadai jina la mti.
Akalitafuta neno, akalikosa,
akanipa nishike.

Mkono ulijua kabla yangu.
Uzito ule. Ubaridi ule katikati ya joto.
Mpingo.
Baba mdogo Nambunga aliuangusha Nachingwea
kwa mashoka yaliyong'oka meno,
gogo zima kwa bei isiyofika kilo mbili za sukari.
Lori likaja, likaondoka.
Sisi watoto tuligombea vibanzi.

"Nithibitishie kama ni ala ya muziki," nikasema.
Sheria inaniruhusu kusema hivyo.

Akaunga vipande. Akalowesha ulimi wa tete.
Sauti moja,
ndefu, nyembamba,
kama uzi unaotafuta tundu la sindano.

Sikujua kwamba hiyo ndiyo wanayopatania wote.
Nyuma yake makasha yakaanza kufunguka, ta, ta, ta,
bila ruhusa yangu,
fidla zikaikimbilia, selo zikaifuata kwa chini,
tarumbeta moja ikapita juu yake, ikaomba radhi, ikarudi,
kila mtu akiisogelea, akiikosa, akiikaribia,
maana unyevu wa Dar ulikuwa umeshalegeza nyuzi zote.
Chande akazima foklifti.
Mlinzi wa lango akaja, kofia mkononi.

Na mkuu mpya kasimama katikati,
mikono mifukoni, hana la kuongoza,
anasikiliza kama mimi.

Naitwa Sijaona, jina la bibi.
Kusikia hawakuninyima.

Walipokwisha, hakuna aliyepiga makofi.
Si mahali pake.
Mtu akakohoa, feni ikaendelea,
nikarudi kwenye fomu.

Nchi ya asili.
Yule mama akanitajia kwao, taratibu,
herufi kwa herufi, nisije nikakosea.
Nikaitikia kwa kichwa.
Nikaandika: Tanzania.
Nikagonga muhuri,
na chini yake, kama kanuni inavyotaka:
kiondoke nchini kabla ya siku saba.