Kizuri Hakijiuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Tulilelewa kwa kauli hiyo, tukalala nayo njaa.
Jibini ya Makvala ilikuwa nzuri,
ikakaa wiki tatu ndani ya maji ya chumvi
ikingoja kujiuza.

Kutaisi, mwezi wa pili, mvua isiyojua Jumapili.
Mto Rioni umevimba, rangi ya chai ya maziwa.
Wanne tulizunguka soko na ndoo ya gundi
tukibandika karatasi kando ya matangazo ya misiba:
WANAWAKE WENYE BIASHARA, KUBWA AU YA KIGANJANI,
JUMAMOSI, SAA NANE, GHOROFANI KWA MWOKA MIKATE.
Muuza samaki akasoma kwa sauti, akacheka:
"Mnaanzisha serikali?"
Nazibrola akamjibu, "Tunaanza na viti."

Viti sitini, vya kuazima, kutoka ukumbi wa matanga.
Wakaja wanawake kumi na mmoja
na fundi wa umeme aliyekuja kusoma mita.
Joto la tanuri lilipanda kwenye mbao za sakafu,
harufu ya mkate ikatukumbusha matumbo yetu,
na viti arobaini na vitano
vikatukodolea macho.

"Tuvirudishe kabla ya giza," akanong'ona Makvala.

Ndipo Tsiuri, fundi wa kofia za sufi,
aliyekuwa bubu tangu mumewe afuate kazi Polandi,
akasimama.
"Naitwa Tsiuri. Nashona kofia. Lari thelathini na tano.
Sipunguzi."
Akaketi akitetemeka
kama aliyetukana mbele ya kasisi.

Basi ikawa kanuni: jina, kazi, bei,
bila samahani mbele wala nyuma.
Mwenye jamu ya tini alitaja bei
akaufunika mdomo, kama jino limemtoka.
Zamu yangu ikafika.
"Naitwa Guliko, nauza vifungo,
vya pembe, vya mfupa, vya makoti ya askari waliozeeka,
lari mbili kimoja, au moja na nusu,
au, basi, toa ulicho nacho."
"Pandisha!" wakapiga kelele. "Pandisha!"
Hata fundi wa umeme, kalamu sikioni:
"Pandisha, mama!"

Sikupandisha. Siku ile sikuweza.

Kujisifu hunikwama kama mwiba wa samaki,
kumsifu mwenzangu huteleza.
Nilimwambia hivyo Nazibrola tukishusha viti ngazini,
akasimama katikati ya ngazi, kiti kichwani,
akasema, "Rudia."

Jumatatu Makvala alifunga jibini
kwa karatasi yenye jina langu na mlango wangu wa bluu.
Kila pakiti ya vifungo ikabeba sifa za Tsiuri.
Kofia za Tsiuri zikaondoka na habari za jozi za Nazibrola,
zilizotungwa uzini, zikachovywa katika zabibu nzito,
na jozi zikamsema Makvala, mchana kutwa, bila haya.
Kizuri hakijiuzi, jamani.
Huuzwa na mdomo wa jirani.

Usidhani soko lilipinduka.
Wawili walijitoa kabla ya Pasaka,
mmoja kwa madeni, mwingine akisema tunapiga domo.
Kiti kimoja kilirudi bila mguu. Tulilipa.

Ila Alhamisi moja aliingia msichana nisiyemjua,
mkononi karatasi iliyolowa, inanuka maziwa na chumvi.
"Vifungo sita vya pembe. Koti la marehemu baba.
Nataka kulivaa mwenyewe.
Bei iliandikwa hapa, wino umeyeyuka.
Kimoja ni kiasi gani?"

Mvua juu ya bati.
Nilivipanga sita kwenye kaunta, taratibu,
nikavisikia viti arobaini na vitano
vikiinama mbele ili visipitwe.

Nikaitaja.
Nzima.