Chenga

Kamera niliinunua Luthuli, mkono wa tatu,
ina mkwaruzo ubavuni kama kovu la ndui
na mlio wake ni wa mlango wa stoo.
Lenzi ni ya Kiprotich. Nairudisha Jumatatu.
Haivuti mbali wala karibu;
ukitaka karibu, sogea kwa makalio.

Ukumbi wa jamii, Kariobangi, Ijumaa, saa moja na nusu usiku.
Taa ni nane. Tatu zimeungua tangu Krismasi,
moja inakonyeza bila kujua inamkonyeza nani,
zilizobaki zina manjano ya chai ya jana.
Stima ni ya tokeni: nahodha huchangisha kabla ya filimbi,
hamsini hamsini,
kisha husimama mbele ya mita
akibonyeza tarakimu ishirini
kwa kidole kilichofungwa plasta.

Namba nane ni Kerubo. Anapiga chenga.
Anakwenda kulia, bega likiapa kushoto,
beki anabaki amekumbatia hewa,
nami pia: nabonyeza, na ndani ya fremu
pana mkia wa rangi ya buluu
na kiatu kimoja.

Basi nafungua tundu la lenzi mpaka mwisho,
napandisha unyeti mpaka kamera ilalamike,
elfu sita na mia nne,
na giza linaingia limebeba mchanga wake.
Huo nao tunauita chenga:
zile za mchele zinazobaki unguoni,
zile za televisheni ya zamani, upepo ukigeuza antena,
na hizi, zambarau na kijani,
zinazoota shavuni mwa kila mchezaji.
Yeye anapiga chenga, mimi navuna chenga.
Lugha ilitucheka mapema.

Robo ya pili nikajifunza kungoja.
Anayekimbia humkamati kwa mwanga huu, usijisumbue.
Lakini anayeruka,
kuna mahali pale juu, kabla mwili haujakumbuka uzito wake,
anatulia.
Hapo hata taa mbovu inatosha.
Nikaketi chini ya kikapu, upande wa taa ya tano,
nikaacha kuufuata mpira, nikavizia hewa.
Nikapata Achiando akidaka, meno nje.
Nikapata kiwiko cha mtu puani mwa mwenzake.
Nikampata Kerubo juu kabisa, mpira umeshamtoka vidoleni,
mikono bado imeinuliwa
kama aliyesahau alichokuwa akiomba.
Hiyo ilikuwa karibu safi.

Robo ya nne mita ikaanza kupepesa jicho jekundu.
Refa aliiona. Akaacha faulo mbili zipite.
Walishindwa, kwa pointi ngapi sikumbuki.

Baadaye, taulo shingoni, Kerubo akataka picha ya kumtumia babake.
Hajawahi kuja. Ni bawabu wa usiku huko Viwandani,
zamu yake huanza filimbi inapopulizwa.
Nikamwonyesha ile ya hewani.
Akapitisha kidole, akarudi nyuma, nyuma,
hadi ile ya mkia wa buluu na kiatu.

"Tuma hii."
"Hiyo haina uso."
"Tuma tu."

Tukangoja kwenye benchi, mtunza ukumbi akizima taa moja moja,
ile ya kukonyeza akiipiga kofi kwanza.
Jibu likaja saa nne kasoro: sauti,
mbwa akibweka nyuma yake,
ya mtu ambaye kazi yake ni kulikazia giza macho
mpaka umbo lijitaje jina.

"Nimekuona," alisema. "Ni wewe. Unakanyaga hivyo hivyo tangu utotoni,
mguu wa kushoto una haraka kuliko wa kulia."
Kimya kidogo. Lango likakwaruza mahali.
"Na huyo aliyekupiga picha,
mwambie siku nyingine awashe taa."