Mwangwi, Toleo la Mia Tatu na Nne

Nilimkuta Mwangwi nikiwa na miaka tisa,
Youngstown, Ohio, kwa kinyozi Zoltan,
chini ya rundo la magazeti ya mashine.
Joho jekundu, kifua kama mlango wa benki,
na nguvu moja tu: kila pigo alilopigwa
alilirudisha lilikotoka, tena na riba.

Wenzangu walipenda wanaopaa.
Mwangwi hakupaa. Alipanda basi
na joho lake, akalipa nauli, akasimama.
Hapo ndipo aliponiteka.

Sasa nina sitini na moja, na maboksi kumi na tisa
chini ya nyumba, mbali na bomba linalovuja.
Ukiniuliza asili yake nitakuuliza: ipi?
Ya kwanza, alitumbukia katika tanuri la mfua kengele
akatoka analia kama shaba hadi alfajiri.
Ya pili, watu walipoanza kuogopa atomu,
ikafuta kengele, ikaleta mionzi.
Ya tatu ikadai yote yalikuwa ndoto ya mgonjwa.
Niliandika barua, kurasa nne za hasira.
Mhariri alinijibu kwa mstari mmoja:
"Bwana Hruska, hata mimi sikulala."

Nawajua waliomchora kwa udhaifu wao.
Abner Kessel hakuweza kuchora miguu,
ndiyo maana mwaka mzima wa kwanza
Mwangwi anapigana ndani ya ukungu.
Joho lilikuwa kijani hadi toleo la arobaini.
Mashabiki wana nadharia zao: damu, kiapo, mwanamke.
Wino wa kijani ulipanda bei, basi.
Naye aliyeandika maneno kwenye viputo,
Rose Tomasik, hakuchapwa jina popote.
Mimi humtambua kwa herufi k,
imeinama kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Lakini toleo la mia tatu na nne lina dirisha.
Mama alilikata.
Upande mmoja tangazo: kuponi ya sabuni ya unga,
punguzo la senti kumi na tano.
Wiki ile kiwanda cha chuma kilifunga lango,
baba yuko jikoni na buti zake, hana pa kwenda.
Mama alitumia mkasi wa kushonea,
akafuata nukta polepole, bila kuruka hata moja.
Upande wa pili ndipo Mwangwi,
baada ya miaka yote hiyo,
anavua kinyago mbele ya mamake na kusema neno.
Nilibaki na mama mlangoni, mkono mdomoni,
kisha kisanduku kinachofuata, taa imezimwa.
Kati yao shimo la ukubwa wa kiganja.

Karibu nusu karne nimelijaza shimo lile.
Nilipokuwa na miaka kumi na tano alisema: Nitalipiza.
Nilipooa: Nisamehe.
Nilipoachwa sikumpa neno lolote.
Ningeweza kununua nakala nzima; nilisema ni ghali.
Njia ya mwongo ni fupi, wanasema.
Yangu imenichukua umri wangu wote.

Mama alifariki mwezi wa pili.
Ndani ya kopo la vifungo nikaikuta kuponi,
imekunjwa mara mbili, haijatumika.
Labda aliisahau. Labda aliigeuza, akasoma.
Niliiweka mezani, nikaosha vikombe vyote,
nikafuta jiko, nikarudi, nikaigeuza.

Mwangwi yumo, uso mtupu,
nywele zimelala kwa jasho,
na pua, kumbe, ilivunjika zamani
na hakuna aliyewahi kutuambia.
Kiputo ni kidogo. Mkono ni wa Rose,
k zake mbili zimeinama:
"Mama, kuna chakula?"

Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta.
Kisha nikashuka chini na taa.
Nimeiweka juu ya shimo, bila gundi.
Kingo zinaoana. Upande wa sabuni
umelala chini.