Kabla Hujapanda Meli, Garifalia

Mtoto wa kaka yangu, nasikia mmeshalipa,
wewe na Stamatis, siku saba,
kutoka Piraeus mpaka Piraeus:
yaani mtakwenda mbali sana ili mrudi pale pale.
Sikucheki. Nami nilikwenda hivyo miaka kumi na tisa,
ila mimi nilikuwa chini kabisa, kwenye mashine,
nikifua mashuka ya waliokuwa juu.
Kwa hiyo nisikilize. Anayefua nguo za watu
anaijua safari yao kuliko mpiga picha.

Sanduku ulilolishusha juu ya kabati nalijua,
lile la kahawia, linaingia mbuzi na wanawe.
Lirudishe.
Chukua dogo, ukishalijaza toa nusu,
kisha toa na vile viatu vya kisigino.
Sijaona mtu aliyelilia gauni la sita.
Nimeona waliolilia soksi kavu.

Mkononi shika kimkoba: dawa za presha,
pasipoti, mswaki, nguo ya kuogelea.
Masanduku hupelekwa vyumbani na vijana,
na vijana hawana mbawa. Lako litafika jioni,
nawe umekaa kando ya bwawa tangu saa saba
na sweta la sufu, ukitoka jasho kama jibini juani.

Chumba cha bei poa kilicho chini ya ukumbi wa muziki
kina sababu ya kuwa cha bei poa.
Omba cha katikati, tena cha chini.
Meli ni kama kitanda cha watu watatu:
wa katikati ndiye anayelala.

Kichefuchefu kikija usikodolee dari.
Panda juu, tazama bahari inapogusana na mbingu,
tafuna tangawizi. Stamatis akisema ni mawazo tu,
mwambie mawazo hayachafui shuka.
Shangazi ndiye aliyezifua.

Chakula, ee, chakula!
Siku ya kwanza watu hupakua kama wanaohama,
kamba juu ya keki, keki juu ya tambi.
Siku ya tatu naletewa suruali zisizo na vifungo.
Zunguka kwanza mikono mitupu, kama bwana afya,
ndipo ushike sahani. Hakiishi. Kikiisha watapika kingine.

Siros, achana na basi la watalii.
Pita nyuma ya soko, mtafute bibi mwenye mfuko wa mikate,
muulize yeye hula wapi.
Lakini saa! Wakisema kumi na moja, wewe rudi kumi.
Wenzenu fulani wa Thesaloniki walibaki Patmo
wakibishania bei ya asali.
Nguo zao zilifika Rodo bila wao, zimepigwa pasi.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu;
asiyesikia honi ya meli huvunja kibubu.

Na ukague mifuko kabla ya kutoa nguo.
Nimekuta makombe, funguo, jino la dhahabu.
Mara moja nilikuta kikaratasi:
bwana mmoja ameorodhesha mambo ya kuzungumza na mkewe mezani,
namba moja hadi saba.
Matatu yalikuwa yamekatwa mstari.
Nilikikausha kwa pasi, taratibu, nikakirudisha mfukoni.
Hadi leo najiuliza kama walifika la saba.

Bakshishi mpe mtu mkononi, ukimtaja jina.
Jina lipo kifuani pake, halihitaji miwani.

La mwisho si ushauri.
Siku moja amka kabla ya Stamatis,
uende sitaha ya nyuma, alfajiri.
Viti vyote vitupu, hakuna aliyewahi kwa taulo.
Kuna tundu ukutani linatoa mvuke wa sabuni.
Ukiusikia, basi chini yako kuna mtu
anakunja taulo utakayojifutia leo.
Mpungie mkono.
Hatakuona. Punga hivyo hivyo.